Matundu Arobaini kwenye Boneti ya Nyuma

Siku ya arobaini ya Mjomba Rajabu wanaume walikaa ukumbini wakisubiri pilau, sisi wanawake tuko uani tunapakua. Nyumba ile ya Ujiji ukuta wake wa ndani haukufika juu kwenye mabati. Mjomba aliuacha hivyo miaka yote, akisema upepo nao ni mtu wa nyumbani, mwacheni apite. Basi na maneno nayo hupita. Nimeinama na upawa mkononi, nikasikia sauti ya mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na marehemu: "Mnalikumbuka lile gari la Mrundi? Lile lililotobolewa mgongo kama chekeche?" Wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Aliyelitoboa si ndiye huyo anayetupakulia?" "Ndiye! Fundi majiko!" Wakacheka tena, kicheko cha mapenzi, hakuna aliyekusudia ubaya. Na mimi nikacheka nao kutoka uani, nikawaambia kama nyama hawaitaki waendelee tu. Mimi ni mtu wa kucheka, tangu zamani, hata mwalimu wangu wa darasa la saba aliandika hivyo kwenye ripoti kana kwamba ni ugonjwa. Lakini nilipomaliza kupakua nilikwenda kusimama nyuma ya choo peke yangu, nikakaa huko mpaka nilipoitwa, maana wale wazee walikuwa wanakumbuka matundu, na matundu hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kitu kingine, na aliyekijua vizuri ni marehemu, na sasa hapa mjini nimebaki mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na benchi langu mwenyewe kwenye gereji ya mjomba, upande wa kulia ukiingia. Yeye alikuwa fundi wa malori. Mimi nilikuwa fundi bati: majiko ya mkaa, ndoo, makarai, koroboi. Watu walikuja kuchungulia tu kuona msichana anapiga nyundo, wakishachungulia wananunua jiko. Nilikuwa na ndoto nyingi, karibu zote za kipuuzi. Niliamini siku moja nitatengeneza mashua ya bati nzima ivuke ziwa mpaka ng'ambo, na nilikuwa nimeshaichora kwa mkaa ukutani nyuma ya benchi, na nanga yake. Mji ulikuwa umejaa. Kila wiki wakimbizi walikuwa wanaingia, wa ziwani na wa milimani, na wengi walipelekwa makambini upande wa Kasulu, lakini wengine walibaki mjini wakijibana kwenye vyumba vya uani, wakijifunza kutembea kama watu wa hapa. Mmoja alipanga chumba kwa mjomba, kile kilichotazamana na jiko. Jina lake Deo. Alikuwa mfamasia Bujumbura, mtu mrefu mwenye vidole vya kuhesabia vidonge, na alikuja na gari.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la Kijerumani, la zamani, milango miwili, limeinama mbele kama linalonusa barabara, rangi ya maziwa yaliyoingiwa na chai. Injini iko nyuma, na rejeta halina kabisa. Injini inapozwa kwa upepo wa feni. Lilikuwa la tajiri yake, mwenye duka la dawa, Mbelgiji mzee aliyepanda ndege vurugu zilipoanza akamwachia funguo akisema atarudi. Deo alilishusha milimani kupitia Manyovu, usukani mkono wa kushoto, na godoro juu. Mke wake alikuwa ameshauawa. Binti yao alikuwa kwa wazazi wa mkewe, Makamba, kule kule Burundi, na Deo alipofika kumchukua alikuta nyumba haina mtu wala mlango. Haya aliyasema mara moja tu, usiku wa kwanza alipokula na sisi, kwa Kiswahili chake cha kule, kisha akaomba aongezewe ugali, na Bi Havijawa, mke wa mjomba, akamwongezea mpaka sahani ikafunikwa. Hakuula. Aliushika tu mkononi, tonge moja, akawa analiviringisha.

Sasa watu huuliza, mkimbizi anafanya nini na gari kama lile? Gari lile lilikuwa kibali chake. Deo hakujiandikisha, maana ukijiandikisha unapelekwa kambini na huko hutoki ila kwa karatasi. Akitembea kwa miguu hadi soko la Kigoma, husimamishwa mara mbili: wewe, simama, wa wapi, karatasi yako. Akipanda basi, hushushwa kizuizini. Lakini akiwa ndani ya lile gari, amevaa shati lake jeupe, askari walikuwa wanapiga saluti. Walidhani ni daktari, ni mtu wa shirika, ni mkubwa wa Dar es Salaam aliyepotea. Hakuna aliyewahi kumwomba karatasi akiwa kwenye usukani. "Tatizo ni kusimama," aliniambia siku moja nikimwoshea vioo. "Gari ikitembea, miye ni bwana. Ikisimama, miye ni Mrundi." Nikacheka, naye akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka kabla.

Kulikuwa na ubao nje ya ofisi moja mjini ambapo yalibandikwa majina ya watoto waliokutwa bila wazazi. Deo alikwenda kuusoma kila Jumamosi, ananyemelea kama mwizi, kofia usoni. Jumamosi moja alirudi, akaingia na gari mpaka ndani ya gereji bila kupiga honi, akakaa humo humo, mlango hajafungua. Mjomba akamwendea. "Vipi, bwana?" Deo akasema, "Nimeona jina." Esperansi Nduwimana, miaka saba, Makamba. Yuko kituo cha kupokelea watu karibu na Manyovu, na watoto wote wa kituo kile watapakiwa kwenye malori Alhamisi kupelekwa kambi za mbali, haikuandikwa ipi. Bi Havijawa aliyekuwa analeta chai aliiweka chini akapiga kigelegele peke yake katikati ya spana na matairi, na mimi nikamjibu. Deo alituangalia kama watu tunaopiga kelele msibani.

Shida ilikuwa mlima. Kwenye tambarare, Ujiji hadi Kigoma, Kigoma hadi Kibirizi, gari lilikwenda kama hariri. Lakini wiki mbili kabla Deo alijaribu kupanda upande wa Manyovu kuulizia habari, na baada ya Mwandiga, kilima cha kwanza hakijaisha, mshale wa joto ulilala wote kulia, harufu ya chuma kinachoungua ikaingia ndani, nguvu ikaisha. Aligeuza akateremka kwa neema ya Mungu, injini imezimwa. Sasa amebakiwa na siku nne. Jioni ile tulikula samaki, migebuka ya mawese na ugali wa muhogo, na mazungumzo yote yalikuwa ya hewa. Mjomba alisema feni yake inavuta hewa kupitia boneti ya nyuma, na boneti ile ina kidirisha kidogo cha nyavu, kinatosha Ulaya kwenye baridi, hapa hakitoshi. "Kama mtu anayepanda mlima ameziba pua moja," alisema. Nikasema, "Basi tumtoboe pua." Bi Havijawa akaniambia niache ujinga mbele ya chakula. Mjomba hakucheka. Alilamba mawese kidoleni akaniangalia. "Unaweza kutoboa bila kulirarua?" Nikamwambia naweza kutoboa hata sufuria bila kumwaga mchuzi. "Matundu wazi hapana," akasema, "vumbi la barabara ile litaingia kama unga. Kata mstari, inua mdomo mmoja tu, kama shavu la samaki. Na mdomo utazame nyuma." Nilitaka utazame mbele uumeze upepo. Tukabishana mpaka maji ya kunawa yakapoa, na alishinda yeye.

Asubuhi Deo aliing'oa boneti mwenyewe, akaileta kwenye benchi langu akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili. Ilikuwa imepinda vizuri mno, kama mgongo wa mtu aliyesujudu. Akaniuliza, "Ukikosea?" Nikamwambia, "Nikikosea nitakutengenezea jiko." Hakucheka. Akasema, "Ukikosea, dada, nitaenda kwa miguu, na sitafika." Nikaona haya. Nilijaza gunia mchanga, nikalaza boneti juu yake, nikachora kwa msumari mistari arobaini, safu nne za kumi. Nilichonga mfereji kwenye kigogo cha mninga nikakiweka chini ya kila mstari, kisha patasi, gonga, gonga, bati lifunguke kama ganda la karanga, kisha nyundo ya kichwa cha mviringo iuinue ule mdomo pole pole. Bati la gari lile lilikuwa jema, nene na sikivu. Sijapata kufanyia kazi bati kama lile tena. Rangi ya maziwa iliruka vipande vikanishika kwenye nyusi. Deo alisimama mlangoni akitazama barabara, na kila patasi ilipogonga bega lake lilikuwa linaruka. Mpaka adhuhuri yote arobaini yalikuwa tayari, yamepangana kama mashavu ya samaki kuhe waliolazwa upande mmoja sokoni, na nilipoyapiga tupa na kuyapaka rangi nyeusi kingoni, hata yeye alipitisha kiganja juu yake mara mbili. "Imekuwa nzuri kuliko mbele," alisema. Nilijiona nimeshaivusha ile mashua yangu ng'ambo.

Tukalijaribu jioni ile hadi Kibirizi na kurudi, mjomba nyuma amejikunja, mimi mbele. Wachukuzi waliokuwa wanapandisha magunia ya dagaa walipiga kelele, "Hilo limechanjwa! Nani kalichanja?" Mshale ulikaa katikati. Kabla ulikuwa ukipita katikati hata kwenye tambarare. Mjomba akasema kwa kilima hapana shaka, lakini twende taratibu, tupumzishe injini kabla ya kila mpando. Kesho yake, Jumatatu, akaitwa kijiji cha Simbo kwenye lori lililovunjika ekseli, akaondoka na begi lake la spana. Akaniachia kazi ya kubadilisha mafuta tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Jumanne nilikuwa chini ya injini kumwaga mafuta, nikaona kwamba imezungukwa na vipande vya bati vyembamba, vimefungwa kwa bolti ndogo, vinaziba kati ya injini na kuta zake, na pembeni vina mpira wa kuzibia ulioliwa na jua. Vilikuwa na kutu na masizi. Nikavitazama muda mrefu. Nikawaza, hii injini inakufa kwa joto, na hawa Wazungu wameivika blanketi. Kama matundu arobaini yameisaidia, je, ikivuliwa hili koti lote? Wallahi nilifurahi. Nilimwita Deo akainama kuangalia, akauliza, "Hiyo inafanya kazi gani?" Nikasema, "Ya kuzuia hewa tu." Akaniamini kwa sababu nilisema huku nikitabasamu. Nikavifungua vyote sita. Kimoja nilikikata jioni hiyo hiyo nikatengeneza vilango viwili vya majiko, bati lilikuwa zuri. Mimi, niliyetengeneza majiko tangu nina miaka kumi na minne! Mimi niliyewafundisha wateja, mama, ukitaka moto ukolee fungua mlango wa chini. Nilifungua mlango wa chini wa injini ya mtu, na nikalala usingizi mzuri.

Jumatano asubuhi tukaondoka, mimi na yeye. Bi Havijawa ndiye aliyesema niende, kwamba mwanamke akiwa pembeni gari huwa la nyumba, halina maswali. Alitufungia chapati na mayai ya kuchemsha, na gauni dogo la manjano alilolishona kwa kukisia urefu. Mimi nikapanga hila yangu. Nilimpa Deo kanga akae nayo tayari. Tukisimamishwa, aishike shavuni kama mtu wa jino, mimi niseme. Mwandiga tulipita tukipungiwa mikono. Kilima cha kwanza mshale ukapanda, nikasema ni kawaida. Tulipumzisha kidogo mahali pasipo na watu. Kilima cha pili, kile chenye migomba pande zote na nyumba juu ya ukingo, mshale ulilala kulia kama mtu aliyezirai. Joto likapenya kwenye viti. Deo alikuwa anasukuma usukani kwa kifua kana kwamba anaweza kulibeba. Kisha kikasikika kishindo kimoja, kama mtu aliyefunga mlango kwa hasira, na gari likasimama. Nilishuka kufungua boneti. Moshi ukatoka kwenye matundu yangu yote arobaini kwa usawa kabisa, safu nne za kumi.

Watu wakaja kutoka mashambani, wanawake na majembe, wazee, watoto wengi. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Injini imekaa matakoni!" na wote wakacheka, nami nikawasaidia kucheka. Akaja mgambo wa kijiji, mtu mzima mwenye buti za mpira na rungu, akapiga makofi ya salamu taratibu kama wafanyavyo Waha. "Mwakeye." Nikaitikia. Deo ameshaweka kanga shavuni. "Poleni na safari. Limechoka?" "Limechoka, baba." "Na bwana huyu?" "Mume wangu. Jino limemshika tangu jana, hata kusema hawezi." Mgambo akamtazama Deo, akatazama usukani ulioko kushoto, akatazama shati jeupe. "Pole, bwana. Jino ni adui. Mnaelekea wapi?" "Manyovu, tuna msiba wa shangazi." "Basi kaeni kivulini mpaka lipoe. Mama, waletee wageni mihogo." Mke wake akaleta mihogo ya kuchemsha na chumvi kwenye ungo, mtoto mgongoni, akakaa chini nasi ukingoni mwa barabara, na nusu ya kijiji wakakaa pia, maana gari lile halikuwa la kuachwa. Mimi nikawa naongea. Niliongea juu ya bei ya dagaa, juu ya majiko, juu ya mbio za gari hili likiwa zima. Nilijiona nashinda. Nilifikiri, litapoa, tutalisukuma, hata likifika kwa mwendo wa kobe tutafika.

Yule mama akamgeuza mtoto kutoka mgongoni kumnyonyesha, akaniuliza kwa upole, kama mtu yeyote angeuliza, "Na nyie mna watoto wangapi?" Nikajibu haraka, kwa uchangamfu wangu ule ule, "Mungu hajatujalia bado." Wanawake wakasema, atawajalia, atawajalia. Nikamwona Deo anaishusha ile kanga kutoka shavuni. Aliikunja vizuri, mara mbili, akaiweka gotini. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Niko na mutoto moja. Iko na miaka saba."

Hakuna aliyecheka. Hata watoto walijua sauti ile ni ya wapi. Mgambo alichora mchanga kwa ncha ya rungu. Kisha akasema, "Bwana, mimi nilijua tangu mwanzo hilo jino haliumi. Ungenyamaza, ningewasukuma mimi mwenyewe. Sasa umesema mbele ya watu." Nikaanza kulia, nikamwambia habari yote, kituo, malori, kesho Alhamisi, nikamwonyesha gauni la manjano. Alilishika, akalirudisha. Akasema juzi tu mgambo mwenzake wa kijiji cha pili alifungwa kwa kumficha mtu. "Nitampeleka kituo cha polisi, nitawaambia ni mtu mwema. Zaidi ya hapo sina." Mke wake akamsemesha kwa Kiha, maneno ya haraka na makali. Deo aliinuka, akapangusa suruali. Nilimwambia, "Kwa nini, Deo? Kwa nini hukunyamaza?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua. "Umeniambia sina," alisema. Wakaondoka kwa miguu wakipanda, Deo mbele, gauni nililompa liko chini ya kwapa, mgambo nyuma.

Nililala kwa yule mama siku mbili nikilinda gari. Mjomba akaja Ijumaa na lori la kuvuta, akiwa bado na grisi ya Simbo mikononi. Hakunisalimia. Aliingia chini ya injini akiwa na tochi, akakaa huko mpaka nikadhani amelala. Alipotoka alikaa chini barabarani. "Mabati yako wapi?" Nikamwambia. Akafumba macho. Akanieleza pole pole, kama anamweleza mtoto, kwamba feni inavuta hewa baridi kutoka juu, kwenye matundu yangu, inaipuliza kwenye injini, joto linatokea chini kwenye ekzosi, na yale mabati ndiyo sakafu inayozuia lile joto lisirudi juu. Bila mabati, feni ilikuwa inakunywa moto wake yenyewe. Kadiri mlima ulivyokuwa mkali ndivyo ilivyozidi kunywa. "Matundu yako yangetosha," akasema. "Kwa matundu yale peke yake mngefika juzi saa nne asubuhi." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Nikuambie nini, mwanangu? Mtu huambiwa asing'oe sakafu ya nyumba?" Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwema, akasema hatawaambia watu. Na hakuwaambia, mpaka tukamzika. Mji mzima uliamini gari lilikufa kwa sababu ya uzee, na matundu yakabaki kichekesho.

Polisi walimshikilia Deo siku tatu. Watoto waliondoka Alhamisi kama ilivyoandikwa. Yeye aliandikishwa, akapelekwa kambi moja upande wa Kasulu, na mtoto alikuwa kambi nyingine. Kutoka moja kwenda nyingine kulihitaji karatasi, na karatasi ilihitaji karatasi nyingine. Habari hizo zilitufikia vipande vipande, kwa watu waliokuja kuuza mafuta na maharage ya mgawo mjini. Miezi ile sikupiga bati kwa furaha. Nilifanya kazi, nilikuwa nacheka wateja wakiwepo, lakini niliifuta ile mashua ukutani kwa kitambaa chenye maji, na nilimwambia Bi Havijawa ilikuwa inachafua ukuta.

Mwezi wa tano baada ya siku ile tulisikia Deo amempata mtoto. Nilibeba jiko na migebuka mikavu, nikaenda siku ya soko la nje ya kambi, ambako wanakijiji na wakimbizi walikuwa wanauziana vitu. Nilimwona mbali kwa urefu wake. Alikuwa amekonda, shati si jeupe tena, na mkononi amemshika msichana wa gauni la manjano lililomfika vifundoni, Bi Havijawa alikisia refu mno. Nilipiga kelele nikakimbia. Nikachuchumaa mbele ya mtoto, nikasema yale tunayosema wote, "Mashaallah, Esperansi, umefanana na baba yako!" Deo akasema, "Usiniongopee, fundi. Hatufanani." Akamtuma mtoto akanunue vitumbua. Akanieleza akiwa amesimama. Majina yale kule ni mengi. Alipomfikia, baada ya miezi mitano, baada ya kuapa kwenye madawati saba kwamba ni mwanawe, aliingizwa chumbani akakuta Esperansi Nduwimana mwingine, wa Makamba nyingine ya mlima mwingine. Mtoto alimtazama akajua pia. Karani akauliza, "Ndiye?" "Mara ya kwanza, kule mlimani, ulinijibia wewe," Deo alisema. "Mara hii nikajibu miye: ndiye."

Nikasema basi, huenda ilikuwa heri gari kufa, maana tungefika siku ile angeona si yeye akarudi mjini mikono mitupu, na huyu angebaki peke yake. Nilikuwa nimelishika lile wazo kwa mikono miwili. Nilimwambia na habari za mabati pia, yote, na vilango vya jiko. Alisikiliza. "Hapana," alisema. "Ningefika siku ile, ningemuchukua siku ile. Amelala miezi tano na watoto mia, na moja wao alikuwa anamupiga. Usiseme heri." Hakusema kwa hasira. Alipokea jiko, akaangalia mlango wake, akaufungua na kuufunga. Sikuthubutu kumuuliza kama amenisamehe, na hata leo, niko na wajukuu, nikilianza swali hilo usiku nalisimamisha kabla halijafika.

Mtoto akarudi na vitumbua kwenye gazeti. Ilikuwa siku ya kubandikwa majina mapya ya watoto. Deo alikuwa bado anamtafuta binti yake wa kumzaa, akasema lazima waende kabla ya umati, macho yake yamekuwa mabaya, mtoto ndiye anayemsomea. Nikawafuata mpaka kwenye ubao. Umati ulikuwa umeshafika, lakini walimpisha mtoto, walimjua. Alisimama kwa vidole vya miguu, akaweka kidole chenye sukari juu ya karatasi ya kwanza, akaanza kushuka nacho, mdomo unacheza, jina kwa jina, karatasi kwa karatasi, analitafuta jina lake mwenyewe. Alipofika chini ya ile ya mwisho alirudia mara moja tena, kwa makini, kama mtu anayekagua chini ya kitanda. Kisha akageuka kwa yule mtu mrefu aliyekuwa anasubiri nyuma ya watu, akatikisa kichwa.

"Leo sipo, Papa," alisema. "Tutakuja tena."